Kisa cha Neno Moja

Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike juu ya jambo lo lote lililonifunza muhula huu. Najua wenzangu wataandika juu ya mpira, na safari ya Singida mjini, na midahalo. Mimi nataka kuandika juu ya neno moja la Kiingereza. Huenda wengine wakacheka na kuuliza neno moja litajazaje kurasa za gazeti. Nawaomba wavumilie kidogo. Neno lenyewe ni kitenzi, tena kitenzi adimu sana, ambacho hata Mwingereza aliyesoma aweza kukaa miaka mingi asikitamke hata mara moja. Lakini kwangu mimi kitenzi hicho kilitoka maktabani, kikanifuata njia nzima mpaka nyumbani, kisikubali kuniacha mpaka niliposema jambo nililokuwa nimelificha kwa miezi miwili.

Kitenzi hicho ni incarnadine.

Katika maktaba yetu iko kamusi kubwa ya Kiingereza ambayo jalada lake limebanduka, na mtunza maktaba ameifunga kwa kamba ya katani isije ikatawanyika. Tangu nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilikuwa na desturi ya kuifungua kila Ijumaa na kuokota neno moja ambalo hapana mwenzangu darasani alijuaye. Nililiandika katika daftari dogo, nikalitunza mpaka siku ya insha. Nataka kusema kweli: sikuyapenda maneno yale kwa sababu ya maana zake. Niliyapenda kama kijana apendavyo kofia mpya, yaani ili watu wamwone nayo. Maneno marefu niliyapenda zaidi, na yale ambayo mwalimu mwenyewe angelazimika kuyatafuta niliyapenda kuliko yote.

Mwezi wa Agosti tulipewa insha ya Kiingereza yenye kichwa "Asubuhi katika Kijiji Chetu". Nikaona saa ya neno langu imefika. Nikaeleza jinsi jua linavyochomoza hapa Iguguno, na malori yanavyopita katika barabara kuu iendayo Nzega, na akina mama wanavyokwenda kisimani. Kisha nikaandika kwamba jua lilifanya mashamba ya alizeti yawe mekundu, na hapo nikatumia incarnadine. Nilipoweka nukta mwisho wa sentensi ile nilijiona kama mtu aliyefunga bao.

Insha iliporudi haikuwa na alama. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amelizungushia neno langu duara, na pembeni ameandika maswali matatu. La kwanza: "Alizeti ni ya manjano. Je, wewe mwenyewe umeiona nyekundu?" La pili: "Neno hili lilitoka wapi?" La tatu: "Ni nani aliyelitia kinywani mwa mtu mara ya kwanza kwa namna hii, na mtu huyo alikuwa ametoka kufanya nini?" Chini yake aliandika kwamba nitapata alama zangu nikimletea majibu.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi kulijibu ingawa liliniaibisha. Sikuwa nimeyaona mashamba yakiwa mekundu. Nilikuwa nimeliona neno tu.

Swali la pili lilinirudisha kwenye kamusi, na safari hii nilisoma habari yote, si mstari wa kwanza peke yake. Asili ya neno hili ni neno la Kilatini lenye maana ya nyama au mwili. Tukisoma Baiolojia twakutana na ndugu zake, maana jina la Kiingereza la wanyama walao nyama limetoka katika shina hilo hilo. Kanisani nako liko, kwa kuwa jina wanaloliita Waingereza fundisho la Mungu kufanyika mwili lina shina hilo pia. Kutoka Kilatini neno likaingia Kiitaliano, kutoka Kiitaliano likaingia Kifaransa, na mwisho likawafikia Waingereza. Wakati huo halikuwa kitenzi. Lilikuwa jina la rangi, nayo haikuwa nyekundu ya damu. Ilikuwa ile rangi ya waridi iliyofifia, ambayo watu wa nchi zile waliiita rangi ya mwili.

Nilipomsomea bibi yangu maelezo hayo jioni ile, alinyosha mkono wake, akautazama, akaniuliza, "Rangi ya mwili wa nani?" Tukacheka sote. Lakini swali lake lilikuwa la maana. Neno hubeba macho ya watu waliolitunga. Mtu wa Iguguno akilitumia lazima ajue kwamba anavaa miwani ya mtu mwingine, na ajue pia namna ya kuivua.

Swali la tatu ndilo lililonichukua muda. Jibu lake ni William Shakespeare. Kwa kadiri kamusi zionyeshavyo, yeye ndiye wa kwanza kuonekana katika maandishi akilitumia neno hili kama kitenzi, katika tamthilia yake iitwayo Macbeth, ambayo wataalamu husema aliiandika yapata mwaka 1606. Ilichapishwa mwaka 1623, baada ya mwandishi mwenyewe kufariki. Kwa wale ambao hawajaisoma nitaeleza kwa ufupi. Macbeth ni jemadari shujaa wa Uskoti. Mfalme wake, Duncan, anampenda, anampa cheo, tena anakuja kulala nyumbani kwake kama mgeni. Usiku ule Macbeth, akihimizwa na mkewe, anamwua mgeni wake usingizini. Kisha anatoka chumbani na mikono yake ina damu. Hapo ndipo anapojiuliza kama maji yote ya bahari kuu yatatosha kuuosha mkono ule. Naye anajijibu kwamba hayatatosha. Kwamba badala ya bahari kuusafisha mkono, mkono wenyewe ndio utakaozigeuza bahari zote zisizo na idadi ziwe nyekundu. Hapo ndipo kitenzi chetu kinapotokea.

Basi jibu la swali la tatu ndilo hilo. Mtu wa kwanza kulisema neno lile alikuwa ametoka kumwua mtu aliyemwamini. Nami nilikuwa nimelipachika juu ya alizeti.

Nilimpelekea Mwalimu majibu yangu. Akayasoma, akaniambia nikae, na siku ya pili alikuja darasani na bilauri ya maji, na beseni la maji, na chupa ndogo ya choya iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, ile ambayo wengine huiita rosela. Akadondosha matone machache katika bilauri, na maji yakawa mekundu. Akadondosha matone yale yale kwa hesabu katika beseni, na maji yakapata rangi ya waridi hafifu. Kisha akatuonyesha kwa dirishani tangi la maji la shule, akauliza, "Nikidondosha matone haya mle, mtaona nini?" Tukajibu kwamba hatutaona kitu.

"Vema," akasema. "Na katika Ziwa Kitangiri je? Na katika Bahari ya Hindi?"

Sisi wengi wetu hatujaiona bahari, ila twajua kwamba ziwa ni kubwa kuliko tangi, na bahari ni kubwa kuliko ziwa. Tukasema haiwezekani. Damu ya mkono mmoja haiwezi kuigeuza bahari.

"Basi Macbeth alikosea?" akauliza.

Darasa likanyamaza. Mwenzetu mmoja akasema kwamba Macbeth alikosea katika hesabu lakini hakukosea. Tukacheka, lakini Mwalimu akasema jibu lile ndilo jibu. Alitueleza kwamba kitenzi kile hakizungumzi habari za bahari hata kidogo. Bahari haikubadilika rangi. Kilichobadilika ni jicho la mtu anayeitazama. Mtu mwenye jambo baya moyoni hulikuta kila aendako, hata mahali palipo pana kupita vyote. Tena akatuonyesha kwamba mara baada ya maneno yale mke wa Macbeth anaingia, na mikono yake nayo ina rangi ile ile, maana yeye ndiye aliyerudisha majambia mahali penye maiti. Mwanamke huyu ndiye mwenye hesabu sahihi. Anasema maji kidogo tu yatatosha kuwaondolea tendo lile. Kwa ngozi ya mkono alisema kweli. Lakini karibu na mwisho wa mchezo twamwona huyo huyo anatembea usingizini usiku, anasugua mikono isiyo na kitu, analia kwamba doa haliondoki.

Kipindi kilichofuata Mwalimu wa Kiingereza alimwalika Mwalimu wa Kiswahili, naye akatuuliza swali lake: je, Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye maana hii? Nalipenda somo lile kuliko masomo yote ya muhula. Kiswahili ni hodari sana wa kuzaa vitenzi. Kutokana na fupi twapata fupisha. Kutokana na refu, refusha. Kutokana na safi, safisha. Kutokana na imara, imarisha. Lakini ekundu halikuzaa kitenzi ambacho watu hukitumia. Nyanya ikiwa nyekundu twasema imeiva. Nguo ikitiwa rangi twasema imetiwa wekundu. Mwenzetu mmoja akatunga papo hapo akasema "wekundisha", na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema kwamba Shakespeare naye alifanya vivyo hivyo: alichukua jina la rangi akalilazimisha lifanye kazi ya kitenzi, kwa sababu alikuwa na jambo la kusema ambalo vitenzi vilivyokuwapo havikulitosha. "Tofauti," akasema, "ni kwamba yeye alikuwa na jambo."

Kisha akatueleza jinsi watu wetu walivyohangaika na kazi kama hizi kabla yetu. Tamthilia ya Macbeth ilifasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi, ikachapishwa mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Kabla yake, mwaka 1963, ilitoka Julius Caesar iliyofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa Rais wa nchi, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi, ambayo pia aliifasiri yeye. Fikirini, wenzangu: mtu mwenye nchi changa mikononi mwake alikaa na kutafuta neno la Kiswahili la kila neno la Shakespeare. Hakufanya hivyo ili aonekane na kofia mpya. Aliwaonyesha watu wake kwamba lugha yao ina uwezo wa kubeba mzigo wo wote.

Tulijifunza pia kwamba kitenzi chetu hakikubaki katika damu siku zote. Mwaka 1859 Mwingereza mmoja aitwaye Edward FitzGerald alitoa kitabu cha tungo alizozifasiri kutoka kwa Omar Khayyam, mshairi na mwanahesabu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1131. Humo mna ndege anayeliimbia ua la waridi, akilialika kunywa divai ili shavu lake la manjano lipate wekundu. FitzGerald naye akatumia incarnadine. Tungo hizo Shaaban Robert, mshairi wetu wa Tanga aliyefariki mwaka 1962, alizifasiri kwa Kiswahili. Basi kitenzi ni kimoja, lakini katika mkono wa Macbeth ni cha kutisha, na katika shavu la waridi ni cha furaha. Neno halina dhambi. Mwalimu akanitazama, akasema hata alizeti yangu ingeweza kuwa nyekundu, kama ningekuwa nimeiona.

Jambo la mwisho alilotuonyesha ndilo lililonigusa zaidi. Baada ya kitenzi kile kirefu chenye asili ya Kilatini, Shakespeare haendelei na maneno mengine makubwa. Anashuka mara moja, anasema jambo lile lile tena kwa maneno mafupi mno ambayo kila mtu wa sokoni aliyajua: kwamba kilicho kijani kitakuwa chekundu. Wako watu waliosimama mbele ya jukwaa, wachuuzi na wanagenzi, ambao hawakusoma Kilatini. Yawezekana kitenzi kile kiliwapita juu ya vichwa. Lakini maneno mafupi yaliyofuata hayakumpita mtu. "Neno kubwa lilionyesha ukubwa wa jambo," akasema Mwalimu. "Maneno madogo ndiyo yaliyolisema."

Sasa, wasomaji wapenzi, sina budi kuwaeleza lile jambo nililolitaja mwanzoni. Mhariri ameniuliza kama nina hakika nataka lichapishwe. Nimemwambia ndiyo, maana Mama amekubali, na mtoto mwenyewe amekubali.

Mwezi wa Julai, baada ya kuuza alizeti, Mama alikuwa ameweka fedha katika kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda chake. Zilikuwa fedha za kununulia mabati. Siku moja alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, nilifungua kopo lile nikachukua shilingi 20,000, nikanunua viatu vya mpira mnadani. Nikasema nimepewa na rafiki yangu. Nilijiambia kwamba fedha zile ni kidogo katika fedha za mwaka mzima, na kwamba nitazirudisha nitakapopata kibarua cha kuvuna vitunguu.

Nyumbani kwetu alikuwa akikaa mtoto wa mama yangu mdogo, mwanafunzi wa Darasa la Nne. Siku moja kabla ya fedha kugunduliwa kwamba zimepungua, yeye alikuwa ameingia chumbani kuokota mpira wa makaratasi uliobingirikia chini ya kitanda. Bibi alimwona akitoka. Basi alipoulizwa juu ya fedha akalia, akakana, na kadiri alivyokana ndivyo alivyoonekana mwongo. Mama hakumpiga. Alisema tu kwamba hawezi kukaa na mtoto asiyeaminika, na Jumapili iliyofuata akampeleka kwa babu yake, upande wa Nduguti. Mtoto aliondoka na mfuko mmoja wa nguo. Alinipungia mkono, nami nikampungia.

Fedha zilikuwa shilingi 20,000 tu. Lakini baada ya hapo Mama alinunua kufuli na kuanza kufunga chumba chake, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwako. Watoto wa jirani waliokuwa wakija jioni kusikiliza hadithi za bibi wakaambiwa wasiingie ndani. Mama mdogo, ambaye alikuwa akitutembelea kila mwezi, hakuja tena, na alipokutana na Mama msibani walisalimiana kama watu wasiojuana. Baba na Mama walibishana usiku, kwa kuwa Baba alisema mtoto amehukumiwa bila ushahidi. Hata bibi, aliyemwona mtoto akitoka chumbani, hakupenda tena kuulizwa jambo lo lote. Nami nilipokuwa uwanjani na viatu vyangu vipya sikuweza kuutazama mpira sawasawa.

Nilikuwa nimeyaona yote hayo, lakini nilikuwa sijayatia katika jambo moja. Mwalimu alipodondosha choya katika beseni, na rangi ikaenea polepole mpaka ukingoni, nikaliona beseni lile kuwa nyumba yetu. Kumbe neno nililolipachika katika insha ili nisifiwe ndilo lililokuwa jina la kazi yangu mwenyewe.

Nilikaa siku tatu bila kusema. Nilitunga hotuba kichwani. Nilitaka kumweleza Mama juu ya vishawishi, na udhaifu wa ujana, na jinsi nilivyokusudia kurudisha. Kila niliporudia hotuba ile ilizidi kuwa ndefu na nzuri, na mimi nilizidi kuonekana mwema ndani yake. Ndipo nikakumbuka yale maneno mafupi.

Jioni ya siku ya nne Mama alikuwa akipepeta uwele uani. Nikampa shikamoo, nikakaa chini karibu naye, nikasema, "Mama, fedha nilichukua mimi. Mdogo wangu hakuchukua."

Mama aliendelea kupepeta kwa muda, kana kwamba hakusikia. Kisha akauweka ungo chini. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza tu, "Na siku nilipompeleka ulikuwa umesimama pale mlangoni?" Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda chumbani, na usiku ule hakula.

Alfajiri aliniamsha tukaenda pamoja. Tulipofika, babu yake alitupokea vema, akatupa viti na maji ya kunywa, kwa maana hakujua tumekuja na nini. Mama akaniambia, "Sema." Nikasema maneno yale yale mbele ya babu na mbele ya mtoto. Yule mdogo wangu alinitazama kwa muda mrefu. Hakulia wala hakukasirika. Aliniuliza, "Kaka, siku ile ulipokuwa ukinipungia mkono ulikuwa unajua?" Nikamjibu, "Nilikuwa najua." Sijapata kulitamka neno lililo zito kuliko hilo, na kila mtoto wa Darasa la Kwanza analijua.

Mtoto amerudi nyumbani, yuko shuleni tena, naye alipata muda wa kujiandaa kwa upimaji wa taifa pamoja na wenzake. Mama mdogo alikuja mwezi uliopita, akakaa siku mbili. Viatu niliviuza, na fedha zilizopungua nilizilipa kwa kubeba vitunguu kila Jumamosi. Kufuli Mama ameliondoa mlangoni. Lakini sitawadanganya kwamba kila kitu kimesafika. Juzi bibi alisema haioni miwani yake, na mdogo wangu aliacha kula, akautazama uso wa Mama. Miwani ilikuwa kichwani kwa bibi mwenyewe, sote tukacheka, na mtoto akacheka pia. Lakini mimi niliona jinsi alivyotazama. Mke wa Macbeth alidhani maji kidogo yatatosha. Mimi sidhani hivyo, ila najua kwamba maji yale madogo ni lazima yamwagwe, tena yamwagwe mapema, na amwage yule aliyechafua.

Mwalimu alinirudishia insha yangu niiandike upya. Nimeandika kwamba asubuhi jua likichomoza nyuma ya shamba letu, alizeti hubaki ya manjano, na kitu chekundu ni vumbi la njiani linaloinuliwa na ng'ombe. Hayo nimeyaona kwa macho yangu. Nimepata alama kumi na nne katika ishirini, na sijapata kuridhika na alama kama hizo.

Wenzangu, kamusi ile iliyofungwa kwa kamba bado iko maktabani, nami bado naifungua kila Ijumaa. Sitaki mtu asome maneno yangu haya akadhani kwamba nawazuia kutafuta maneno magumu. Yatafuteni. Lakini mkiokota neno, msiliache mpaka mjue lilitoka kinywani mwa nani na alikuwa amefanya nini. Na siku mtakapokuwa na jambo zito la kumwambia mzazi, au mwalimu, au mtoto mdogo, semeni kwa maneno anayoyajua.

Incarnadine bado liko katika daftari langu dogo. Mbele yake, mahali pa maana, nimeandika kwa Kiswahili: "Fedha nilichukua mimi."